Mguu wa Kushoto wa Mwenye Funguo

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi, anasoma kila neno ninaloandika, na ameniambia niandike hivi: tangu uliporudi kutoka kwenye yale mafunzo yako ya mashine mpya za kunyolea hujakanyaga kwa dada yako, je, mashine hizo zimekunyoa na undugu? Hayo ni yake, mimi simo. Sisi wazima. Vita vya mama na jirani wa ghorofa ya juu anayemwaga maji dirishani vinaendelea, na wiki hii mama anaongoza. Na mkeo, shangazi yangu, mwambie gauni alilonishonea limesifiwa mpaka nikaona haya.

Nakuandikia barua kwa sababu simu wewe unaipokea kama mtu anayezima moto. "Wazima? Haya!" Umeshakata. Na hili ninalotaka kukwambia halitaki haraka.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mwenye Funguo anarudi!

Ndiyo, yule yule! Mwenye nyumba wa kutisha uliyemcheza kwenye filamu, anayeburuta mguu koridoni na pete ya funguo kiunoni, akimtafuta mpangaji mmoja baada ya mwingine. Sehemu ya pili imeshapigwa, inaitwa "Mwenye Funguo Karudi", na fundi wa sauti ni mimi. Si msaidizi, Mjomba, wala mbeba nyaya. Nimekaa kwenye kile kiti cha fundi chenye magurudumu, nimekizungusha mpaka kichwa kikauma.

Furaha yangu ina doa moja. Nafasi yako kapewa kijana wa mazoezi mwenye kifua kama kabati, sisi tunamwita Misuli. Nilipomuuliza mwongozaji kwa nini hakukuita wewe, alinitazama vibaya hivi, akasema, "Muulize mjomba wako." Basi nakuuliza. Kulikoni?

Mpwa wako,
Chiriku


14 Februari

Chiriku,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mwambie dada yangu undugu haunyolewi, nitakuja. Sisi hatujambo. Shangazi yako ana maharusi watatu wanaotaka magauni siku moja, sebule nzima imejaa vitambaa vyeupe, nikitaka kukaa lazima nimwombe bibi harusi ruhusa.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti. Mashine zikazimwa. Fundi redio wa mlango wa pili aliruka kutoka kwenye kiti akiwa amenyolewa upande mmoja. Unajua mambo ya hapa: mpaka leo mteja mgeni akikaa, wembe ukimgusa shingo, lazima atokee mtu amwambie, "Huyo anayekunyoa ndiye Mwenye Funguo mwenyewe." Mteja anatulia tuli. Tangu nicheze filamu ile hakuna aliyetikisika kwenye kiti changu, na sijamkata mtu.

Nimefurahi mpaka nimekosa pa kuiweka furaha. Mtoto niliyekuwa nikimbeba mabegani akigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, leo ndiye anayewapa watu kihoro! Sasa niambie. Yule mwanamke aliyeponea katika ya kwanza yumo? Korido ni ndefu? Milango inalia? Damu ni ya kiasi au mmefungulia bomba?

Kuhusu nafasi yangu, wape vijana. Mimi nina duka.

Mjombako

Chiriku, ni mimi shangazi yako, nimeinyakua barua kabla hajaifunga. Muulize habari za ngazi.

Usimsikilize. Ngazi zipo palepale zilipo.


27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama kashinda vita, jirani amehamia dirisha la upande wa pili. Shangazi asante kwa salamu, na ngazi zipi hizo? Mjomba naona umelipita swali langu kama mtu aliyemwona mdai wake sokoni. Nitarudi kwalo.

Leo nina uchungu, acha niuseme. Jumamosi mchana tulifanya onyesho la majaribio. Ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma kabisa, nikishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Mwanzo watu waliganda! Yule mwanamke aliyeponea yumo, Mjomba, na sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Amenunua jengo lake, ana wapangaji wake, funguo zote anazo yeye. Halafu asubuhi moja anakuta kwenye pete yake ufunguo mmoja ambao si wake. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Nikasema moyoni, tumewapata.

Kisha Misuli akatokea koridoni. Akaburuta mguu. Na mtu mmoja akacheka.

Kicheko unakijua kilivyo, hakikai peke yake. Alipofika mlango wa tatu ukumbi wote ulikuwa unacheka. Kila akiburuta, kheee! Wakitoka, msichana mmoja alikuwa anamwigiza kwenye ngazi na wenzake wanashika mbavu.

Mwongozaji hakulala. Amesema kama hakuna dawa, hatua zote za muuaji atazifunika kwa muziki, mwanzo mpaka mwisho, ngoma na vinanda. Hapo kazi yangu itakuwa imezikwa. Kila mlango, kila pumzi, kila tone la bomba nililorekodi kwa mikono yangu litakuwa chini ya vinanda. Amenipa mpaka mwisho wa Mei.

Kasema mwenyewe nikupelekee filamu uitazame. Imo ndani ya bahasha hii, kwenye memori kadi. Funga mapazia, usiipeleke dukani. Niambie ukweli wote, usinionee huruma.

Chiriku


11 Machi

Chiriku,

Marahaba. Hatujambo, ila shangazi yako amenipiga marufuku kuongea naye wakati wa chakula, maana tangu juzi sina jingine mdomoni. Tumeitazama mara mbili. Mara ya kwanza yeye alijifunika bitana ya bibi harusi. Mara ya pili alinifunika mimi, kwa sababu napiga kelele.

Umeomba ukweli. Naanza na utamu. Ule ufunguo mgeni kwenye pete! Aliyebuni kitu kile, mkono wake upewe heshima. Hakuna damu wala kisu, ufunguo tu, na mgongo wangu ukaota baridi. Na huyo mwanamke kuwa mwenye nyumba, hapo mmepiga penyewe. Katika ya kwanza alikuwa anaogopa kila anayebisha hodi, sasa wapangaji wanamwogopa yeye. Unajiuliza, je, naye atakuwa kama yule? Hiyo ndiyo sehemu ya pili inavyotakiwa, ikunjue mkeka ule ule halafu ukae upande ambao hukukaa. Na jikoni, pale bomba linapodondosha na yeye analifunga, na bado linadondosha! Hiyo sauti ni yako, niliitambua. Nilimwambia shangazi yako, "Hilo tone ni la mtoto wetu."

Sasa uchungu. Kwanza, mnanieleza utoto wa Mwenye Funguo. Eti mama yake alimfungia chumbani. Kwa nini mnaniambia? Nikishamwonea huruma nitamwogopaje? Mimi nilipomcheza hata sikujua alizaliwa wapi, na sikutaka kujua. Pili, wale vijana watano. Wamesikia mtu anaburuta mguu nje ya mlango, na mmoja anasema "tugawanyike". Mgawanyike mwende wapi? Hata kuku wakimwona mwewe hujikusanya. Tatu, damu. Yule wa bafuni alitokwa damu kuliko uzito wake. Nne, filamu imeaga mara tatu haijaondoka, kama mgeni aliyesimama mlangoni na kikombe bado anacho.

Tano, na hapa niliinuka kitini. Anakimbia! Chiriku, muuaji anayekimbia ni mwizi tu. Utamu wa Mwenye Funguo ni kwamba wewe unakimbia, yeye anatembea, na bado anakufikia. Hana haraka kwa sababu milango yote ni yake.

Na mguu wenyewe kakosea! Wangu ni wa kushoto, na funguo zinaning'inia kushoto, ndiyo maana mwili ukilalia upande ule funguo zinagonga paja. Ta. Shaaa. Cheng. Huyu Misuli anaburuta wa kulia na funguo ziko kushoto. Watazamaji hawajui kilichowachekesha, lakini masikio yao yanajua. Kosa la mtoto mdogo! Mtu anaigiza mguu hajui ni upi? Mwambie aje hapa nimfundishe.

Mjombako

Ngazi, mwanangu. Usisahau ngazi. Shangazi.


20 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mama mzima, sote wazima, salamu zimekwisha, sikiliza.

Umeitibu filamu kwa barua moja! Nilimsomea mwongozaji barua yako yote. Kwenye "mwizi tu" aliomba nirudie. Utoto wa Mwenye Funguo unakatwa. Mbio zote zinakatwa. Vijana bado wanagawanyika, maana kipande hicho hakirekebishiki, ila tone la bomba limeongezewa nafasi. Misuli naye hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Kumbe ndiyo maana!" Ni kijana mzuri, ananibebea nyaya.

Sasa dawa ya mguu. Koridoni, kamera haionyeshi miguu yake mara nyingi. Inaonyesha milango, kivuli, uso wa anayejificha. Mguu unasikika tu. Nikipata sauti yako, Mjomba, sauti yenyewe, ta, shaaa, cheng, nitaiweka chini ya kila mlango na hakuna atakayecheka tena. Za filamu ya kwanza siwezi kuzitoa, zilichanganywa na muziki, ni kama kutafuta chumvi ndani ya chai.

Kwa hiyo njoo! Siku moja tu. Nitakuwekea kipaza sauti sakafuni, utatembea korido moja, basi. Utakuwa umerudi kwenye filamu yako na nitakuwa nimekurudisha mimi. Sijui nikuelezee vipi ninavyolitaka jambo hili.

Mama kasema ukija atakupikia, ukikataa atakufuata.

Chiriku


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua imepotea? Au ni maharusi wamekufukia kwenye vitambaa? Mama ananiuliza nimekukosea nini, nami sijui. Kama ni kwa sababu hawakukuita mwanzoni, una haki ya kununa, lakini ninune nawe basi, usininunie mimi.

Nijibu hata mstari mmoja.

Chiriku


15 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Hujanikosea, futa kabisa. Hatujambo. Maharusi wote watatu wameolewa na sebule imerudi kuwa sebule.

Kuja huko siwezi kwa sasa. Dukani kuna kazi nyingi. Halafu kuna mvua. Halafu fundi redio anatafuta mtu wa kumwangalizia redio.

Lakini mjomba hamwachi mpwa njiani. Nimejirekodi mwenyewe kwa simu, katika korido ya nyuma ya duka, mlango umefungwa, funguo kiunoni. Imo kwenye memori kadi ile ile. Nilifanya mazoezi siku kadhaa mbele ya kioo kikubwa cha dukani ili niwe nimeiva. Wewe weka tu, usiulize sana.

Mjombako

Kaiandika barua hii akiwa anatembeatembea. Shangazi.


24 Aprili

Mjomba wangu mpendwa, Mjomba wangu mjanja,

Shikamoo. Wote wazima, mama hajui ninachoandika leo, nimejifungia chooni.

Nilivaa hedifoni, nikafumba macho, nikaanza kusikiliza nikiwa natabasamu kama zuzu. Ta-cheng. Shaaa. Ta-cheng. Shaaa. Nikafumbua macho. Nikarudisha nyuma. Funguo zinalia kwenye mguu mzima! Unaburuta wa kulia, Mjomba. Wewe! Uliyemwita Misuli mtoto mdogo! Kuna msemo kuhusu nyani na asichokiona, lakini wewe ni mkubwa wangu, sikuutaja.

Nikafikiri ni simu imepindua. Nikaendelea. Katikati ya korido mguu unahama, unakuwa wa kushoto kidogo, halafu unarudi kulia. Nikasema labda amechoka.

Halafu mwisho. Unafika ukutani, unasimama, unapumua. Kisha kuna mtu anarudi kuja kuzima simu, na mtu huyo anatembea tap, tap, tap, tap, miguu miwili sawasawa, mwepesi kama anakwenda kupokea zawadi. Na anapiga mluzi. Mluzi ule naujua, Mjomba. Ni wako, ule unaoupiga ukimaliza kunyoa kichwa kizuri.

Nani yule? Humo koridoni mlikuwa wangapi?

Nimesikiliza kile kipande cha mwisho peke yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Sijawahi kukusikia ukitembea hivyo tangu nizaliwe. Nimekaa hapa mkono mdomoni, nacheka na machozi yananitoka, na bado hujaniambia kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Wewe naona umeficha uzima, na umeumbuliwa na viatu.

Niambie habari za ngazi.

Chiriku


2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Shangazi yako amecheka mpaka amekaa sakafuni. Bado yuko huko huko sakafuni ninapoandika.

Kioo! Kioo ndicho kilichoniponza. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya kioo, mteja akisema "punguza kushoto" najua ni kushoto kipi, na siku ninayojitazama mwenyewe namwiga mtu aliyemo ndani ya kioo! Fundi redio akijua hili, nahama mji.

Haya, pokea. Mafunzo ya mashine za kunyolea hayakuwepo. Nilikwenda hospitali. Daktari alinibadilisha nyonga, akanirefushia mguu wa kushoto, uliokuwa mfupi tangu nizaliwe, akanifundisha kusimama upya, hatua kwa hatua, nikishika chuma ukutani. Sikumwambia mtu ila shangazi yako, kwa sababu kama ningeshindwa sikutaka kurudi nikipewa pole na ukoo mzima. Sikushindwa! Chiriku, mimi napanda ngazi. Jengo letu lina ngazi nyingi na lifti yake ni pambo, nawe unajua nilivyokuwa nikizipanda kwa kukaa na kupumzika. Sasa nazipanda mbili mbili. Asubuhi nashuka kununua gazeti, nafika chini nasahau gazeti, napanda tena kwa raha tu. Shangazi yako anasema nimekuwa kero.

Mwongozaji aliniita wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Nilikwenda ofisini kwake, akasema, "Mzee, hebu tembea." Nikatembea. Alinikumbatia, akanipongeza, kisha akakaa akashika kichwa. Nilimwomba asikwambie.

Kwa nini nilikuficha wewe, uliye wa kwanza kustahili kujua? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanifuata nyuma, ukiburuta mguu kama mimi. Mama yako alikuchapa, ukaendelea. Mwalimu wako aliwahi kuita wazazi kuuliza kama una kilema. Watu wengine waliutazama mguu ule kwa huruma, au walikwepesha macho, au baada ya filamu waliuogopa. Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuutaka. Basi nilipopona niliona kama nimeuza mali yako bila kukuuliza. Kisha ukaniandikia kwa furaha ile, njoo utembee korido moja, nikashindwa kukwambia kwamba mtu unayemtaka hayupo. Nilijaribu kumrudisha. Umesikia mwenyewe nilivyomrudisha.

Nasikitika kuhusu muziki na vinanda. Nakutumia kifurushi. Ni viatu vyangu vya zamani, vile vya filamu ya kwanza. Cha kushoto kimelika ncha yote kwa kuburuta, cha kulia kisigino kimekwisha. Siwezi kuvivaa tena, vinaniangusha. Na pete ya funguo ni ile ile. Labda Misuli atajaribu, lakini mwambie kushoto, kushoto, kushoto.

Mjombako anayepanda ngazi


19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hongera, na hongera, na mama anasema atakuja kukuchapa kisha akukumbatie, kwa mpangilio huo. Nilipomsomea barua alianza kuimba jikoni. Jirani amemwaga maji na mama hakujibu. Hiyo ndiyo furaha yake, sijapata kuiona kubwa hivyo.

Umeuza mali yangu? Mjomba, mjinga wewe, samahani, nimeshaandika kwa wino. Mguu ule nilikuwa nautaka kwa sababu ulikuwa wako. Sasa una mwingine, na nautaka huo. Ukija utatembea mbele, mimi nyuma, nijifunze upya.

Sasa kaa chini, kama mtu wa miguu mizima bado anakaa.

Misuli alijaribu viatu, havikupita hata vidole. Mwongozaji alijaribu, akaanguka. Vikabaki mezani. Watu walipokwenda kula nilivaa soksi juu ya soksi, nikaviingiza miguu yangu, nikafunga pete ya funguo kushoto ili nione tu uzito wake. Nikapiga hatua moja.

Mjomba, mguu ulikumbuka! Sikuuambia kitu. Goti lilijikunja lenyewe, bega likashuka, kiatu kikajua pa kukwaruza kwa sababu kilishalika pale pale. Ta. Shaaa. Cheng. Nilisimama koridoni nywele zimenisimama. Nikawasha kipaza sauti, nikatembea, nikarudi, nikatembea tena. Hakuna aliyenifundisha, ila wewe, mgongo wako ukiwa mbele yangu, njia yote ya kwenda dukani.

Mwongozaji alirudi kutoka kula. Alifungua mlango wa chumba changu nikiwa nacheza ile sauti. Hakuingia. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama koridoni kushoto na kulia, akauliza, "Mzee amekuja?"

Muziki umeondolewa. Wote! Kwenye korido hakuna kinanda hata kimoja, ni wewe na milango tu. Kule kuaga mara tatu mwishoni, amekubali kukata mara moja, mbili kazing'ang'ania.

Filamu itakuja ukumbi wa huko kwenu mwishoni mwa Juni. Mimi sitaweza kuwepo, nimeshapewa kazi nyingine, ya vichekesho, Mungu anisaidie. Nenda na shangazi. Sikiliza watu, si filamu. Kisha niandikie kama wamecheka. Nitakaa na roho mkononi mpaka barua yako ifike.

Chiriku


30 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba nyingi. Dada yangu amefika salama, amenichapa, amenikumbatia. Yuko hapa na shangazi yako, wanaongea wote wawili kwa pamoja na kila mmoja anasikia. Hatujambo, hatujambo kabisa.

Umeuliza kama wamecheka. Nakujibu bila kuficha: amecheka mtu mmoja.

Tulikwenda mchana, mimi, mama yako, shangazi yako, fundi redio, na karibu duka zima. Ukumbi uko ghorofani. Nilipanda ngazi mbili mbili nikawasubiri juu. Wafanyakazi wa ukumbi hawakunitambua, wananijua kwa mguu. Tukakaa. Ufunguo mgeni ukatokea, watu wakavuta pumzi kama ulivyosema. Bomba likadondosha. Mama yako alishika mkono wangu, akanibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi.

Kisha taa za korido zikafifia, na nikajisikia nakuja.

Ukumbi ulinyamaza, Chiriku. Hata mtoto wa mtu aliyekuwa analia nyuma alinyamaza. Ta. Shaaa. Cheng. Kijana wa mbele yangu alikunja miguu juu ya kiti. Mtu alisema taratibu, "Ni yeye, ni yule yule wa zamani." Nami nikawaza, si yeye, ni mtoto wetu, amevaa soksi juu ya soksi. Furaha ikanipanda kooni, nikaibana, ikanishinda. Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima wenye hofu! Watu waligeuka kwa hasira. Mama mmoja akaniambia, "Baba, kama huna adabu, toka nje." Mlinzi akaja na tochi, akanitoa. Mimi! Nimetolewa kwenye filamu yangu kwa kosa la kutoogopa.

Shangazi yako alibaki mpaka mwisho. Anasema majina yetu yamepanda pamoja kwenye mstari mmoja, na fundi redio alipiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata. Bado filamu inaaga mara mbili, mwambie mwongozaji nimesema.

Lakini nikumalizie. Mlinzi alifunga mlango nyuma yangu, nikabaki koridoni. Hapakuwa na mtu. Ni korido ndefu, milango kila upande, na mwisho wake ngazi. Nikawa natembea polepole kuelekea nje, bado najichekea. Na nyuma yangu, kupitia ule mlango, nikaisikia. Ta. Nikasimama. Shaaa. Nikajiambia, mzee, hiyo ni sauti yako mwenyewe. Cheng.

Nilikimbia, Chiriku! Korido yote, ngazi zote, mpaka barabarani kwenye jua. Sijawahi kukimbia tangu mama aliponizaa. Nilisimama nje nimeshika magoti yote mawili, nahema, watu wananipita, nami nacheka na kulia kama mwehu. Mara ya kwanza maishani nimekimbia, na aliyekuwa nyuma yangu, kama zamani, ni wewe.

Mjombako